Kushukuru si kuficha ubwiri unga

Mwezi huu nimeusikia tena ule ushauri: usikiri ugonjwa, sema "mimi ni mzima", mshukuru Mungu kwa kila jambo. Safari hii aliyeambiwa ni mama mwenye presha, na sasa vidonge vimelala kabatini ili asionekane hana imani. Wapendwa, hebu tusome vizuri.

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba akiona unga mweupe kwenye maua, anautaja ugonjwa huo kwa jina: ubwiri unga. Anatafuta dawa ya salfa, anapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia. Hakuna mzee wa kanisa anayemkataza kuukiri ubwiri, kwa sababu kila mtu anajua ukinyamaziwa maua yanakauka na msimu wa minada utamkuta mikono mitupu. Basi kwa nini mwili na moyo tuvifiche?

Mstari unaotumika ni 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Kigiriki cha Paulo pale ni en panti, yaani katika kila jambo. Unashukuru ukiwa ndani ya ugonjwa. Si kwamba unashukuru kwa kuugua. Nakiri Waefeso 5:20 inanibana, maana pale ni kweli "kwa mambo yote", na maelezo ya kwamba Paulo alimaanisha mema tu hayajawahi kuniridhisha. Lakini hata mstari huo haumwambii mtu aseme uongo kuhusu hali yake. Wafilipi 4:8, ambao wapenda mawazo chanya wanaunukuu kila siku, unaanza orodha yake na mambo yaliyo ya kweli. Kweli imetangulia mengine yote.

Kinachonikera zaidi ni shukrani ya kulinganisha. Mnaijua, kila ibada inafunguliwa nayo: "Wako waliotamani kuiona siku ya leo hawakuiona, wengine wako hospitali, si kwamba sisi ni wema sana." Nia ni unyenyekevu, najua. Lakini sikiliza kwa masikio ya mwenye mgonjwa aliyekaa benchi la nyuma: mwanawe aliyelazwa amegeuzwa kipimo cha furaha ya wengine. Tena shukrani inayosimama juu ya shida ya jirani inaanguka siku shida ikihamia kwako. Yule Farisayo wa Luka 18 alianza sala yake kwa neno "nakushukuru", akaendelea na "mimi si kama watu wengine", na akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Taja ulichopewa, mtaje aliyekupa, ishia hapo. "Asante kwa maji yaliyopatikana leo" inatosha; jirani ambaye ndoo zake ni tupu muombee katika sala nyingine.

Namna ya kufanya ni fupi. Jioni, dakika kumi, kabla usingizi haujakuzidi. Fuata Zaburi ya 13, ina mistari 6 tu: wa 1 na wa 2 ni malalamiko, wa 3 na wa 4 ni ombi, wa 5 na wa 6 ni tumaini na wimbo. Sema jambo moja linalouma, bila kulipamba. Omba kitu kimoja. Kisha taja vitatu vya leo, vya leo kweli, maana "uzima, afya, familia" ukivirudia kila siku, wiki ya pili mdomo unasema peke yake na moyo haupo. Usiruke malalamiko. Wanaoyaruka ndio wanaoniambia baada ya mwezi kwamba kushukuru kumekauka.

Tumeshajifunza hili kwenye salamu zetu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Hiyo "ila" ndiyo ipelekwe kwenye maombi. Yesu mwenyewe, katika Yohana 11, alilia machozi mstari wa 35, na mstari wa 41 akasema "Baba, nakushukuru", kaburi la rafiki yake Lazaro likiwa mbele yake.

Na aliyefiwa wiki hii msimdai shukrani. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa kushukuru, na imo katika Biblia. Msomee hiyo, kisha kaa naye mkekani.