“Kwani Wewe Ulikuwepo?”

Swali hilo nimeulizwa tena wiki iliyopita, kwa simu, na mwalimu mstaafu ambaye mswada wake niliurudisha umejaa wino mwekundu. Riwaya yake inatokea Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, mwaka 60 BK. Ukurasa wa pili binti wa chifu anasonga ugali wa sembe. Wa nne pana mchicha wa karanga. Wa tisa mjomba anavuta kiko cha tumbaku huku akisubiri amenyewe papai. Pembeni nikaandika: hapana, hapana, hapana, tena hapana. Ndipo simu ikalia. “Kijana wangu, kwani wewe ulikuwepo?”

Sikuwepo, Mwalimu. Shikamoo yako naitoa, lakini mahindi nayo hayakuwepo. Mahindi, muhogo, karanga, nyanya, viazi vitamu, papai, nanasi, korosho na tumbaku asili yake ni Amerika. Vilianza kuvuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492, na Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndio waliovileta vingi huku kwetu. Bunzi moja la hindi Rhapta ni kosa la zaidi ya miaka 1,400. Ni sawa na kumpa Kinjekitile simu ya mkononi, ila hilo la simu kila mtu angeliona.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba zamani ile, kwa kuwa iko mbali, ni shamba lisilo na mwenyewe, kila mtu ajikatie kipande. “Ni riwaya bwana, si kitabu cha historia.” Nimeisikia hiyo mpaka naijua kwa sauti za watu mbalimbali. Na anayeisema huwa hajasoma hata kile kidogo kilichopo.

Kilichopo kuhusu Rhapta ni kidogo kweli. Kuna Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye hakuacha jina lake. Sehemu yake inayohusu pwani yetu, aliyoiita Azania, unaimaliza kabla chai haijapoa. Baadaye kuna Ptolemy, mwanajiografia wa kale, anayeitaja Rhapta kuwa mji mkuu. Magofu yake hayajapatikana hadi leo. Wapo wanaoitafuta kwenye delta ya Mto Rufiji, wapo wanaoelekeza kidole Pangani, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba Rufiji na Mafia kwa miaka mingi.

Sasa soma hizo aya chache kama mwandishi. Meli zinaleta mikuki iliyofuliwa Muza, huko Yemen, na mashoka, visu, misharasi ya kutobolea na vitu vya kioo. Zinaondoka na pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Halafu kuna sentensi moja ambayo ningelipia kuiona kwenye riwaya: katika baadhi ya bandari huletwa pia divai na ngano, si za kuuzwa, ni za kujipendekeza kwa wenyeji. Hiyo ni sura nzima, Mwalimu! Nani anafungua mtungi wa kwanza? Nani anakataa kunywa, na kukataa kwake kunawagharimu nini wageni? Tena mwongozo huohuo unasema manahodha na mawakala wa Kiarabu waliokuja huku waliijua lugha ya wenyeji na walioa kwao. Hapo una mkwe, una shemeji, una mtoto wa lugha mbili anayesikia biashara ya pande zote mbili. Wewe umeacha hayo yote ukaenda kusonga sembe.

Na jambo hili ndilo huwa nalirudia mpaka wateja wananikimbia: yule mfanyabiashara hakutaja jina la mtu hata mmoja wa Rhapta. Anamtaja mtawala wa Yemen, Charibael, lakini wa kwetu hakuna. Hakuingia jikoni, hakusikia ugomvi wa wake wenza, hakumuuliza mtoto anaogopa nini. Hapo ndipo pa kubuni, na ni pakubwa kuliko kalamu yako. Mtama, uwele, wimbi na kunde ni mazao ya Afrika, ya kale kuliko Rhapta yenyewe. Binti asonge ugali wa mtama. Hakuna atakayekupigia simu.

Kosa ndugu wa hilo ni la upepo. Katika mswada uleule binti anatoroka kwa meli kwenda Misri mwezi Januari, anafika kwa siku kumi na mbili. Mvuvi wa Kojani akisoma hapo anafunga kitabu. Januari ni kaskazi, inavuma kutoka kulekule anakokwenda. Kwa mujibu wa Periplus, meli za kuja huku ziliondoka Misri mwezi Julai, zikateremka Bahari ya Shamu. Kaskazi ndiyo iliyozishusha kando ya pwani, na kurudi kulitegemea kusi. Kwa hiyo kati ya kufika na kuondoka kulikuwa na miezi ya kungoja: mabaharia hawana kazi, divai imekwisha, chifu ameanza kuwachoka wageni, na binti anahesabu siku. Mwalimu alinilalamikia kwamba upepo unamharibia msuko wa hadithi. Msuko gani? Upepo ndio msuko wenyewe.

Tuje kwenye lugha. “Nimeondoa maneno yote yenye asili ya Kiarabu ili kiwe Kiswahili cha kale.” Huyu ni mwingine, kijana, mwenye bidii ya kutisha. Sita ikawa tandatu, tisa ikawa kenda (hii naipenda, ibaki), na saba ikawa fungate. Matokeo yake mashujaa “wakakaa msituni fungate,” na wasomaji wawili wa majaribio wakaniuliza wameoana lini. Kiswahili hiki tunachoandikia hakikusemwa na mtu yeyote mwaka 60 BK, hata ukichuje vipi. Riwaya ya kale ni tafsiri tu: wahusika wanasema lugha yao, wewe unatutafsiria. “Lakini” na “wakati” havimdhuru mtu. Neno la kuogopa ni lile lililobeba kitu ambacho hakijazaliwa. “Inshallah” imebeba Uislamu, ulioanza karne ya 7. Mhusika aitwaye Juma ana kosa hilohilo. “Bunduki” sina haja ya kuieleza.

Na kuna zawadi ambayo waandishi wetu wanaitupa. Warumi waligawa mchana kwa saa kumi na mbili tangu jua kuchomoza, kwa hiyo saa yao ya tatu ni saa tatu yetu ya asubuhi, bila hesabu. Mwandishi mmoja wa riwaya ya Alexandria ya enzi ya Warumi aliongeza sita kila mahali “ili iendane na saa za kimataifa.” Nilimrudishia zote. Kumbuka tu kwamba saa zao za mchana zilirefuka wakati wa kiangazi na kufupika majira ya baridi, na usimwambie askari wa Kirumi asubiri dakika tano. Mwambie asubiri maji yachemke.

Mengine nayapitisha haraka. Nyumba za mawe pwani hazikuwepo “tangu enzi”. Husuni Kubwa ya Kilwa ni ya karne ya 14, hivyo Rhapta ijenge kwa miti na udongo. Mchele kwenye machimbo ya pwani yetu unaonekana tangu karne ya 7 au 8 hivi, kwa hiyo pilau sahau. Karafuu Zanzibar, karne ya 19. Kanga, karne ya 19 pia. Jahazi la misumari, hapana: jina Rhapta lenyewe linatokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba, na waliowahi kusikia habari za mtepe wa Lamu wanajua chombo cha namna hiyo si mchezo wa watoto.

“Watu wa kale walisema kwa methali tu, hawakutania.” Basi soma daftari la wafanyakazi wa Deir el-Medina huko Misri, la mwaka wa 40 wa Ramesses II, linaloorodhesha sababu za kutofika kazini: huyu kaumwa na nge, yule anatengeneza pombe. Au vibao vya Vindolanda, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, vya karibu mwaka 100 BK: mwanamke anamwalika mwenzake sherehe ya kuzaliwa, na barua nyingine inataja soksi zilizotumwa. Soksi! Mpe mhusika wako jambo dogo la namna hiyo kabla hujampa hotuba.

“Nitaanza kuandika utafiti ukiisha.” Hautaisha. Dawa yangu ni moja na siibadilishi: andika sura nzima leo, na kila usichokijua weka KAGUA kwa herufi kubwa, uendelee. Mwisho wa wiki yatafute yale yenye KAGUA tu. Ukifanya kinyume utakuwa bingwa wa mitumbwi asiye na ukurasa hata mmoja.

Mwalimu amenipigia tena jana. Sembe imekuwa mtama, mjomba ameacha tumbaku bila kuniaga, na binti yuko Rhapta anangoja kusi. Swali lake lilikuwa moja, na alilitoa kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kugombana: “Na chumvi je?”

Chumvi ruhusa, Mwalimu. Bahari si hiyo hapo mlangoni.