Kwa nini katika tamthilia za Kikorea tunamlilia mwanaume anayekosa mchumba?

Anayefuatilia tamthilia za mapenzi za Kikorea huujua mwisho tangu sehemu ya kwanza. Msichana atachukuliwa na yule mwanaume ambaye jina lake linatangulia kwenye orodha ya waigizaji, hata kama wameanza kwa kutukanana. Stelingi hauawi, na kwenye hadithi za mapenzi stelingi hakosi mke. Ajabu ni kwamba kila tamthilia inapoisha, kuna kundi kubwa la watazamaji lenye kinyongo, kwa sababu moyo wao walishampa mwingine: yule mpole anayejua msichana anapenda kula nini, anayetokea na mwavuli mvua ikianza, kisha anageuka na kuondoka kimya akiona mwenzake ameshafika. Wakorea wenyewe huiita hali hiyo seobeubyeong, ugonjwa wa kumpenda mhusika wa pili.

Ugonjwa huu unatengenezwa na mwandishi wa hadithi, tena mara nyingi bila kukusudia.

Tamthilia ya kawaida ya aina hii ina sehemu 16, kila moja saa nzima au zaidi. Hadithi ndefu hivyo haiwezi kutembea kama stelingi ni mtu mwema tangu mwanzo, kwa kuwa hatakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo anapewa kiburi, majeraha ya utotoni, mama mkali na mali nyingi kupita kiasi, ili mapenzi yamlainishe polepole. Wa pili hana safari hiyo. Anaingia akiwa mtu kamili, na kazi yake ni kumtia stelingi wivu. Matokeo yake, kwa sehemu saba au nane za mwanzo mtazamaji anawekewa mbele wanaume wawili, mmoja anatesa na mwingine anafuta machozi, halafu anatarajiwa ampende anayetesa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Boys Over Flowers ya mwaka 2009, iliyotokana na katuni za Kijapani za wasichana. Gu Jun-pyo, aliyeigizwa na Lee Min-ho, anaanza kwa kuwachochea wanafunzi wa shule nzima wamwonee msichana wa hadithi, Geum Jan-di. Yoon Ji-hoo, aliyeigizwa na Kim Hyun-joong, anapiga fidla na kumwokoa. Ukiwaeleza watu hivyo tu, bila sura wala muziki, nani atamchagua Jun-pyo? Lakini ndiye aliyechaguliwa, na Lee Min-ho akawa nyota mkubwa Asia nzima. Sidhani kama kijana wa namna ile angevumiliwa leo. Siku hizi huko Korea Kusini kwenyewe, tendo la mwanaume kumkamata msichana kifundo cha mkono na kumburuta, lililokuwa alama ya mapenzi makali, linalalamikiwa waziwazi.

Ila wema peke yake hauelezi kila kitu. Kinachotufunga zaidi ni siri. Kamera inatuonyesha anachofanya wa pili wakati msichana ametazama kwingine, na kuanzia hapo tunakuwa mashahidi wake. Reply 1988, iliyorushwa na kituo cha tvN mwishoni mwa 2015 hadi Januari 2016, iliutumia ujanja huu kikamilifu. Deok-sun anakua kwenye kichochoro kimoja na wavulana wanne, na mtazamaji anaachwa abahatishe ni yupi atakuja kuwa mume wake. Jung-hwan anachelewesha kufunga kamba za viatu ili atoke nyumbani wakati mmoja naye. Ndani ya basi lililojaa anamkinga kwa mikono yake asibanwe. Deok-sun haoni. Sisi tunaona. Korea ikagawanyika, kundi moja likiapa kwamba mume ni Jung-hwan, jingine likishikilia ni Taek, mcheza baduk (mchezo wa ubaoni wa kete nyeusi na nyeupe) asiyejua hata kujihudumia. Taek ndiye aliyeshinda. Usiku wa maamuzi aliacha pambano lake akamwahi Deok-sun kwenye tamasha la muziki, huku Jung-hwan akicheleweshwa na taa za barabarani, na baadaye akakiri moyoni kwamba kilichomkwamisha hasa kilikuwa kusitasita kwake.

Mimi naona mwandishi alikuwa na haki. Jung-hwan alikuwa na miaka ya kusema, akanyamaza. Lakini unamwelezaje hivyo mtu aliyekaa naye kwenye lile basi?

Start-Up ya mwaka 2020 ni kesi nyingine, na hapo lawama naielekeza kwa hadithi. Sehemu ya kwanza karibu yote ni ya Han Ji-pyeong, yatima anayehifadhiwa na bibi wa Dal-mi, msichana wa hadithi hiyo. Bibi anamwomba amwandikie mjukuu wake barua ili asijisikie mpweke, na kijana anazisaini kwa jina alilolikuta gazetini, Nam Do-san, bingwa mdogo wa hesabu. Miaka 15 baadaye Dal-mi anamtafuta Do-san, na anayempata ni mwenye jina, ambaye hakuandika hata mstari mmoja. Kanuni inasema Do-san ndiye stelingi. Lakini mwanadamu humpenda aliyekutana naye kwanza, na sisi tulikutana kwanza na mwenye barua. Kelele zilizofuata zilisikika mbali sana nje ya Korea.

Na je, kelele hizo hubadilisha chochote? Zamani zaidi kuliko sasa. Tamthilia nyingi zilianza kurushwa zikiwa na sehemu chache tu mkononi, nyingine zikiandikwa na kupigwa picha wiki ileile, hivyo mwandishi aliweza kusikia mtaani wanasemaje. Siku hizi nyingi hukamilika mapema. Hata hivyo, mhusika wa pili kunenepeshwa kuna hatari zake. Mwaka 2016 Cheese in the Trap ililaumiwa vikali kwa sababu kadiri ilivyokaribia mwisho, stelingi Park Hae-jin alizidi kupotea na nafasi yake kujazwa na wa pili, Seo Kang-joon. Inaonekana watu wanataka kumlilia huyu wa pili, si kuona hadithi ikigeuzwa kwa ajili yake.

Waandishi wengine wameikata mizizi ya tatizo kwa kumpa stelingi wema wote. Ri Jeong-hyeok wa Crash Landing on You, kapteni wa jeshi la Korea Kaskazini, anamkaangia mgeni wake kahawa na kumsubiri kwa subira, mambo ambayo zamani yangekuwa ya wa pili. Wa pili humo ni tapeli mwenye mpenzi wake mwenyewe.

Kwa waigizaji, kushindwa huko ni ngazi nzuri. Kim Seon-ho, aliyekuwa Han Ji-pyeong, mwaka uliofuata alipewa ustelingi kamili kwenye Hometown Cha-Cha-Cha, na safari hii akaondoka na msichana. Humo ndani kulikuwa na mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, mcheshi, mwungwana, aliyempenda msichana huyohuyo tangu enzi za chuo bila kumwambia. Watazamaji wakaanza kumhurumia huyo.