Wahesikasti wa Mlima Athos na ugomvi wa karne ya 14

Wengi wakisikia habari za wahesikasti, wamonaki wa Kiorthodoksi wanaotafuta utulivu wa ndani kwa sala fupi inayorudiwa, huuliza kwanza kuhusu pumzi. Gregori wa Sinai, aliyefundisha Athos, mlima wa monasteri huko Ugiriki, mwanzoni mwa karne ya 14, aliagiza hivi: keti kwenye kigoda cha kimo cha shibiri moja hivi, inamisha kichwa, shusha akili moyoni, usivute pumzi kwa pupa, kisha rudia, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie." Unaweza kusema maneno yote au nusu yake, ila usibadilishebadilishe kwa uvivu. Mche unaohamishwa kila mara, alisema, haushiki mizizi.

Anayeona mwanga, malaika au hata sura ya Kristo wakati wa sala aliambiwa asiipokee. Hapo ndipo wengi walipopotea: walitafuta maono badala ya toba, tena bila mzee wa kuwaongoza.

Katika miaka ya 1330, Barlaam, mmonaki msomi kutoka Calabria, kusini mwa Italia, aliwadhihaki wahesikasti kuwa roho zao zimekaa kitovuni. Dhihaka ilikuwa kali, lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kama Mungu hajulikani, nuru wanayoiona wamonaki si kitu kilichoumbwa tu? Gregori Palamas, mmonaki wa Athos, alijibu kwamba dhati ya Mungu, yaani vile Mungu alivyo ndani yake mwenyewe, haifikiwi na kiumbe yeyote, ila nguvu zake, nazo hazikuumbwa, humfikia mwanadamu, mwili na roho. Nuru ya mlima Tabor, Yesu alipogeuka sura, ni hiyo.

Sinodi, yaani mikutano ya maaskofu, za Konstantinopoli za 1341, 1347 na 1351 zilimuunga mkono. Siasa nayo ilikuwamo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kugombea utawala wa Bizanti vilipopamba moto Palamas alifungwa, na kufunguliwa kwake kulikwenda sambamba na ushindi wa Yohane Kantakouzenos, mmoja wa wagombea hao, mwaka 1347.

Mwaka 1782 maandishi ya mapokeo haya yalichapwa Venice kwa jina la Filokalia. Tafsiri ya Kislavoni ikatoka Moscow mwaka 1793. Theofano, askofu wa Urusi aliyejifungia upwekeni, alipotoa tafsiri yake ya Kirusi katika karne ya 19 aliziondoa sehemu za mbinu za pumzi, akihofia wasomaji wasio na mwalimu wangejidhuru. Nionavyo, alifanya vyema: sala ile husalika bila mbinu hizo.

Palamas alitangazwa mtakatifu mwaka 1368, na Waorthodoksi, wakiwamo wa Kenya na Uganda, humkumbuka Jumapili ya pili ya Kwaresima.