Maana ya "boulot": kuzungumzia kazi kwa Kifaransa cha kila siku

Katika kamusi za Kifaransa, maneno kama "boulot", "taf" na "bosser" huwekewa alama ya "fam.", ambayo ni kifupi cha "familier". Alama hiyo haimaanishi kwamba neno ni chafu au la kihuni. Inamaanisha kwamba ni neno la watu waliozoeana, ambalo mahali pake ni mezani, kwenye simu au katika korido ya ofisi, wala si katika barua ya kuomba ajira.

Kwa lugha rasmi, kazi ni "travail", ajira ni "emploi" na kampuni ni "entreprise". Marafiki huyaacha hayo wakasema "boulot" au, hasa vijana, "taf". Kitenzi "travailler" hupisha "bosser", na kampuni huitwa "boîte", yaani sanduku. Hapo pana mtego, kwa sababu "je bosse dans une boîte" ni kufanya kazi katika kampuni fulani, ilhali "je vais en boîte" ni kwenda disko. Majina ya kazi nayo hukatwa: "professeur" huwa "prof", na "kinésithérapeute", mtaalamu wa tiba ya viungo, huwa "kiné". Daktari huitwa "toubib", neno lililotoka katika Kiarabu cha Afrika Kaskazini, kwa hiyo ni ndugu wa tabibu wetu.

Hata hivyo, msamiati peke yake hautoshi, kwa kuwa sarufi nayo hulegezwa. Sentensi "Nous ne travaillons pas samedi", yaani hatufanyi kazi Jumamosi, katika mazungumzo huwa "On bosse pas samedi": "nous" imeondoka, "on" imeshika nafasi yake, na "ne" ya ukanushi imedondoka. Anayesema "nous ne bossons pas" hajavunja kanuni yoyote, ila anasikika kama mtu aliyevaa suti na ndala.

Swali la kawaida ni "Tu fais quoi dans la vie ?", ambalo neno kwa neno ni "unafanya nini maishani?", lakini linauliza kazi tu. Jibu lake, "Je suis prof", halitaki "un" wala "une", na hapa anayefikiri kwa Kiswahili ana nafuu, maana naye husema "mimi ni mwalimu" bila kuongeza kitu. Kwa mtu mzima usiyemjua, "tu" hugeuka "vous" na "fais" huwa "faites", ingawa sehemu iliyobaki ya swali inaweza kubaki vilevile. Kulegeza lugha na kuacha heshima ni mambo mawili tofauti.

Wanaofahamiana huulizana "Ça va, le boulot ?", na mara nyingi jibu ni malalamiko: "Je suis crevé", nimechoka hoi, au "J'ai un boulot de dingue", kazi zimenizidi. Msemo "métro, boulot, dodo", yaani treni, kazi, kulala, ulivuma katika maandamano ya Mei 1968 na bado hutumika kueleza maisha yasiyo na jipya. Aliyefukuzwa kazi "s'est fait virer", wakati barua ya mwajiri itasema "licencié". Katika usaili, ni salama zaidi kubaki na "travail" na "poste", yaani nafasi ya kazi, hata kama msaili mwenyewe ametangulia kusema "boulot".