Kufunga Dirisha Si Kutoka Kwenye Akaunti

Malalamiko yanayofika dawati la TEHAMA la maktaba siku hizi yanafanana: "Kuna mtu kaingia kwenye barua pepe yangu, kompyuta zenu zina virusi." Tukifuatilia, mara nyingi kirusi hakipo. Msomaji alibofya alama ya X, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Aliyeketi baada yake akafungua kivinjari na kukuta jumbe na picha za mwenzake.

Utaratibu ni huu. Bofya jina au picha yako juu ya ukurasa, chagua "Ondoka", kisha fungua ukurasa upya uone kama unadai nywila. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Fungua folda ya vilivyopakuliwa, futa ulichoacha humo (wasifu wa kazi na nakala za vitambulisho ndivyo tunavyovikuta zaidi), halafu mwaga pipa la taka la kompyuta. Mwisho, funga kipindi chako cha kutumia kompyuta. Programu ya kusafisha kompyuta hufanya kazi mashine inapowashwa upya, si unapoinuka kitini.

Dirisha la faragha (incognito) nalo lisikudanganye. Halihifadhi historia kwenye mashine ile baada ya kulifunga, basi. Tovuti inakuona, na mtandao unaona tovuti unazotembelea. Kuhusu alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti, tumesema hadi tumechoka: inaonyesha kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomwe njiani, na tapeli pia huipata bure. Google iliiondoa kwenye kivinjari chake cha Chrome mwaka 2023 kwa kuwa watu waliigeuza muhuri wa uaminifu. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi.

Umeshaondoka ndipo ukakumbuka? Kwa simu yako, ingia kwenye mipangilio ya usalama, chagua kutoka kwenye vifaa vyote, badilisha nywila, ndipo uje kutoa taarifa.

Ukikuta akaunti ya mtu iko wazi, usisome, mwite mkutubi. Anayesoma, kutuma ujumbe au kubadilisha nywila huandikiwa taarifa, kadi yake husimamishwa shauri likichunguzwa, na likigusa fedha au picha za faragha linaweza kufikishwa polisi. "Nilikuta iko wazi" si utetezi.

Mkutubi hahitaji nywila yako hata anapokusaidia. Ukifika wakati wa kuiandika, anapaswa kugeukia pembeni. Asipogeuka, mwambie ageuke.