Maji ya Jangwani Hayaangalii Urefu wa Gari

"Gari langu liko juu, litapita." Kila masika kauli hii huua injini Dar es Salaam, na mimi niliitamka mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, pale Magomeni Mapipa, ukingoni mwa bonde la Jangwani, Barabara ya Morogoro imeshapotea mbele yangu. Ukweli ni kwamba maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuyafanya magari mengi madogo yaelee. Yakifika 60 na yana kasi, hata hayo marefu yanabebwa. Uzito hausaidii sana, maana maji hunyanyua, na tairi likishaacha lami usukani unabaki pambo. Tena hujui kama kuna mtaro usio na mfuniko huko chini.

"Ikizima majini, piga stata upesi kabla haijalowa." Hapa ndipo nilipoliwa. Injini huvuta hewa kupitia ea klina, yaani chujio la hewa, na kwenye magari mengi mdomo wake uko mbele, jirani na bampa. Maji yakiingia kwenye silinda, pistoni hupanda ikitaka kuyabana kama inavyobana hewa. Hewa hubanika, maji hayabaniki, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoisukuma pistoni. Fundi alifungua plagi, akanivuta pembeni, akapiga stata mara moja: maji yakaruka hadi kwenye boneti. Siku ya pili akaniwekea ile konrodi kiganjani, imepinda kama mguu wa kuku. "Bosi, ungelisukuma tu," akasema.

Ndivyo inavyotakiwa. Gari likizima majini, acha ufunguo, lisukumwe hadi pakavu, plagi zifunguliwe na ea klina ikaguliwe kwanza. Chomoa na kijiti cha oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Usitegemee bima ndogo pia. Ile inamlipa uliyemgonga, injini yako ni juu yako.

Halafu kuna ushauri wa kijiweni: "mvua ikianza, punguza upepo tairi zishike." Huo ni wa mchangani. Kwenye lami yenye maji, tairi lenye upepo pungufu huingia ndani katikati, mifereji yake inabanana na maji yanakosa pa kutokea, gari linapanda juu ya maji kama ngalawa. Tairi kipara ni hivyo hivyo, hata likijazwa vipi. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, usukani uache umenyooka.

Kuwasha hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili, huku unatembea mvuani? Wa nyuma hatajua unakata kushoto au kulia, na bodaboda aliye ubavuni ndiye atakayelipia. Washa taa za mbele, uziweke dimu, inatosha. Na kioo kikijaa ukungu, wengi huzima AC kwa sababu wanasikia baridi, wakati AC ndiyo inayokausha hewa ya ndani. Iwashe, elekeza upepo kiooni, kile kitambaa kipumzike.

Hata ukivuka salama dimbwi la kawaida, breki zimelowa. Nenda polepole, uziguse kidogo kidogo hadi zikamate.

Mimi siku hizi, Jangwani ikijaa, naegesha Mapipa, naagiza kahawa na kashata. Juzi nilimaliza vikombe viwili nikitazama gari refu jeusi likisukumwa na vijana sita, mwenyewe amekaa ndani, anapiga stata.