Tangambili ya Hedhi: Homoni Uanze Lini?

Dada mmoja wa Makorora, miaka 47, aliniwekea mezani daftari la hesabu la mwanawe. Kurasa za nyuma kajipigia mistari kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja kwa kila siku ya damu. Mzunguko mmoja siku 23, uliofuata 61, kisha 19, halafu kimya. Usiku anaamka kanga imelowa jasho na feni inazunguka. "Dokta, nimeambiwa dawa za homoni nianze siku ya kwanza ya hedhi. Huu mwezi wa tatu nasubiri."

Iliniuma. Miezi mitatu bila usingizi, kwa kungoja damu isiyo na ahadi.

Wavuvi wetu huyaita majira yaliyo baina ya kaskazi na kusi, upepo usipojulikana utatokea wapi, tangambili. Ndipo alipo dada huyu, akiukaribia ukomo wa hedhi. Ovari zake zinakaribia kuishiwa mayai. Mwezi ambao yai limepevuka, projesteroni, homoni inayoulinda ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, hutoka. Lisipopevuka haitoki, na huku estrojeni, homoni nyingine ya kike, inapanda na kushuka ovyo. Ndiyo maana aliyepita miaka 45 mwenye dalili hizi simtumi akapoteze fedha kupima homoni: jibu la leo na la wiki ijayo huenda yasifanane. Umri, dalili na daftari vinanitosha.

Kusubiri siku ya kwanza kunamfaa ambaye hedhi yake bado inakuja kwa mpango. Huyu, tukishajiridhisha kwamba hana mimba na damu yake haina sababu nyingine, anaanza siku yoyote.

Katika dawa hizi, estrojeni ni ya kila siku, haina mapumziko. Mwenye mfuko wa uzazi lazima aongezewe projesteroni, siku 12 hadi 14 kila mwezi. Wengi huiacha hii kwa kuwa ndiyo inayowaletea damu, nami hapo huwa mkali. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na ukuta unaonenepa miaka na miaka bila kubomoka unaweza kuota saratani. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1970.

Kwa hiyo zamu ya projesteroni inafuata kalenda, haifuati damu. Nikamwambia tarehe 1 hadi 12. "Mimi nahesabu mwezi mwandamo, Dokta." Mfungo pili, mfungo tatu: ndivyo anavyohesabu hata saumu anazodaiwa. Nikafurahi! Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, unafaa kabisa. Mwezi ukiandama anaanza kidonge cha miligramu 200, akimeza anapokwenda kulala maana kinaleta usingizi, mpaka usiku wa 12. Damu huja siku chache baada ya hapo. Mambo ya saumu atamuuliza sheikh wake. Yangu ni kumwambia damu aitarajie lini. Hedhi yake mwenyewe ikichomoza katikati, haachi wala haanzi upya, anaandika tu.

Aliitaka pia ile dawa isiyoleta damu kabisa. Hiyo kwa kawaida ni ya aliyekaa miezi 12 bila hedhi. Ukiiwahi, matone hayakomi.

Kabla ya kuandika dawa nilimpima presha, nikamuuliza habari ya saratani ya matiti na damu kuganda. Angekuwa anatoka damu baada ya tendo la ndoa, au anajaza pedi kila saa, tungechunguza kwanza.

Amerudi baada ya miezi mitatu. Daftari sasa lina kalamu mbili, bluu ya vidonge na nyekundu ya damu, na nyekundu imejipanga nyuma ya bluu, isipokuwa matone machache ya mwezi wa kwanza. Analala. Nikamuuliza habari za uzazi wa mpango, akacheka: "Kwa umri huu?" Ndiyo, dada, kwa umri huu. Dawa hizi hazizuii mimba, na yai moja linaweza kupevuka bado. Nikamweleza kitanzi chenye homoni, kinachozuia mimba na kuulinda ukuta uleule, hivyo kinaweza kushika nafasi ya kidonge cha usiku. Amesema anakwenda kuzungumza na mumewe.